Nimemfikisha Mama kwa Dada Yake

Tsuyama, Okayama,
Japani.
9 Novemba 2023

Mpendwa Dada Fumie,

Hujambo, dada yangu? Shemeji na watoto huko Curitiba hawajambo? Sisi wazima, ila goti la Mama limeanza kusumbua kwa baridi, na mimi mikono imenikakamaa kwa sababu nitakayoieleza kwa majivuno.

Unaijua leseni yangu ya dhahabu, ile wanayopewa madereva wasio na kosa. Miaka ishirini na miwili sijakosa, maana sijaendesha. Kaka Tatsuo hunitania kwamba dhahabu isiyovaliwa haichuji.

Lakini tangu basi la kupanda kwenu milimani lifutwe na macho ya Tatsuo, aliyekuwa akituendesha, yaharibike, Mama na dada yake, mama yako, hawajaonana. Miaka sita! Mwezi uliopita Mama Mkubwa alisema kwenye simu kwamba moyo wake umechoka, labda wataonana ahera. Mama akakata simu, akaanza kukunja nguo za safari bila kuniomba chochote. Niliona aibu.

Nikaazima gari dogo la jirani, nikabandika alama ya dereva mchanga. Mama akabandika na ile ya wazee, ingawa haendeshi, ili tuhurumiwe mara mbili.

Tulisimama kila soko la barabarani, kwa kuwa Mama haendi ugenini mikono mitupu. Kabichi, matunda ya persimoni, hata maandazi ya maharage aliyoyasifu sana. Nilisoma boksi: yametengenezwa kijijini kwenu. Akasema hayo ndiyo dada yake anayoyapenda, akaongeza boksi la pili.

Mlimani, penye njia nyembamba, tukakutana na lori la magogo. Kurudi nyuma kwenye kona siwezi. Dereva akarudi yeye, akabana ukingoni. Nilipofika ubavuni mwake nikasimama, nikamwinamia kwa shukrani, nikainama hasa, paji la uso likatua kwenye honi. Mtu amekupisha, nawe unampigia honi! Nikainama tena kuomba radhi. Honi ya pili. Mama naye anainama tu kando yangu.

Dereva akashuka. Nikajua leo tumekwisha. Akainama dirishani, uso mkavu, akasema, "Basi, mama, nenda. Shukrani hizi zitanitosha hadi mwaka kesho."

Nilicheka mpaka woga ukanitoka. Kona zilizobaki nilizikata bila kushika breki kila mara, na uani kwenu nikaingia kinyumenyume kama inavyopasa, jaribio la nne, bila kugusa hata chungu kimoja cha maua.

Mama Mkubwa alitoka na mkongojo. Wakainamiana, kila mmoja akikataa kuinuka kwanza, hadi nikaona mabega ya Mama yanatikisika. Mimi nililia waziwazi.

Mama yako akauliza, "Kwani basi limerudishwa?"

"Basi la nini, dada?" Mama akajibu. "Mimi nina dereva wangu."

Walilala chumba kimoja siku tatu, na Mama Mkubwa alikula vizuri. Tarehe ya safari ijayo ameiandika yeye mwenyewe kwenye kalenda. Kwa hiyo, dada, kata tiketi tu. Uwanja wa ndege nitakufuata mimi.

Nisalimie shemeji Osvaldo, Midori na Tomás. Wazee wetu waliotangulia wawalinde.

Ndimi mdogo wako akupendaye, na dereva wa mama zetu,
Chizuru