Herufi Nane za Zinaida

Pushchino, 14 Novemba 1988

Kwako kaka yangu Gennadi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu umepunguza kukusumbua kwa baridi hii. Mimi nipo, nimechoka tu. Kabichi ya msimu nimekwisha kuitia chumvi. Safari hii niliikata peke yangu.

Telegramu yako nimeipata. Unauliza kwa nini mwanao Lidia ameacha maabara na kurudi nyumbani bila kusema kitu. Nitakujibu, ila nivumilie. Kazi yangu unaijua: DNA ni maandishi marefu ya herufi nne, nami hutafuta kwa hesabu kipande kinachojirudia mno hata kisiweze kuwa cha bahati. Miaka mitatu iliyopita nilikipata, herufi nane, nilipolinganisha maandishi yaliyo mbele ya jeni arobaini za bakteria. Mkurugenzi akanisifu mbele ya watu, na kipande kikaitwa kwa jina langu. Ilibaki kuikamata protini inayokishika, na kazi hiyo nikampa Lidia.

Miaka miwili hakuikamata. Alibadilisha chumvi, joto, hata maji. Wenzake wakamtania kwenye chai kwamba huyu hata mto Oka akiutia mkono utakauka. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kuja kunywa chai.

Kaka, kosa si lake. Mwezi Machi nilizipanga upya karatasi tulizonakilia zile jeni. Kati ya jeni arobaini, kumi na saba ni jeni moja, iliyochapishwa na maabara mbalimbali kwa majina tofauti, nasi tukainakili kila mara kana kwamba ni mpya. Shahidi mmoja nilimhesabu mara kumi na saba. Nilipoziondoa, kipande changu kikatoweka; kilichobaki kilikuwa cha bahati tu. Protini ya kukamatwa haikuwapo tangu mwanzo.

Nikafunga kabati, nikanyamaza. Nina miaka hamsini na tisa, na sina kingine chenye jina langu. Niliona aibu, kisha nikaizoea, na mwanao akaendelea kuosha vyombo vyake vya maabara.

Jumanne nilimsindikiza stesheni, nimekusudia kumwambia. Akaniwahi, akanishika mikono. "Shangazi, nisamehe. Nimekupotezea miaka miwili."

Nikamwambia nimemsamehe.

Leo asubuhi nimempelekea mkurugenzi karatasi zote. Wewe msomee Lidia barua hii, usimfiche hata neno moja. Msalimu Rimma na wote wa nyumbani. Usiponijibu, nitaelewa.

Dada yako,
Zinaida