Nyasi za Baba, Mtopanga

Umetimia mwaka, Baba yetu Ruwa Chengo, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua, na hata leo hakuna anayeweka viatu pale mlangoni ulipokuwa ukiviweka vyako.

Ulikuwa mpole, mwingi wa mzaha, na mbishi kwa jambo moja tu. Kiwanja kando ya nyumba watu walikigeuza jaa. Wewe ukakisafisha, ukang'oa magugu ya kigeni, ukasia nyasi ndefu za asili, zile za kwenu Kaloleni. Kila ulipokwenda kwenu kuzika au kuozesha, ulirudi na mbegu zimekuganda surualini, makusudi. Mama akikuuliza, "Baba Mweri, nguo hii niifue au niilime?" ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Walisema unafuga nyoka. Nyasi zikakupita kimo, ndege mnana wakafuma viota humo. Hukuzikata mpaka mbegu zidondoke, na fyekeo hukumpa mtu.

Ulipofariki, binti yako Mweri ndiye aliyesimamia matanga. Alitaka uagwe kwa heshima, na turubai hazikuwa na pa kusimama. "Fyekeni hapo, kwani si majani tu?" aliwaambia vijana. Zikafyekwa, mashina yakang'olewa, kifusi kikamwagwa ili viti visizame matopeni. Sote tulitazama tu. Tukala na kukulilia juu ya kitu ulichokipenda.

Tangu hapo Mweri hana raha. Masika yalikuja, likaota gugu tupu. Mnana hawakurudi. Akipita pale huinamisha uso, na Mama akimwambia yamekwisha, hujibu, "Hayajaisha, Mama. Baba nimemzika mara mbili."

Mwezi uliopita Mama alifungua sanduku, akatoa suruali yako ya mwisho, ambayo hakuwa na moyo wa kuifua. Akamwekea Mweri mapajani. "Haya, ilime."

Mweri amezoa kifusi kwa karai, amepanda. Vimechipua vishungi vichache vya nyasi, havijafika hata kifundo cha mguu.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumamosi, nyumbani. Turubai hatuweki. Wageni watakaa njiani, na majirani tumeshawaomba radhi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mbeyu, binti zako Mweri na Velma, mjukuu wako Dorcas, na jirani yako Rama, ambaye siku hizi ndiye anayefukuza mbuzi.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau kamwe. Tusamehe.