Makongoro ya Mama Zaina

Kigali, Jumanne

Halafu watu wananiuliza vidonda vya tumbo nimevitoa wapi!

Leo Mama Zaina wa Biryogo kaingia maabara yetu ya meno kajiziba mdomo kwa mkono. Meno yake ya bandia namtengenezea kila mara, naye kila mara anayapasua kwa mifupa ya makongoro, miguu ya ng'ombe ya supu. Safari hii nilichanganya kwenye akriliki, ile plastiki ya ufizi, unga wa zirkonia, chembe zake ndogo kuliko vumbi, nikamwapia mbele ya bosi kwamba kwa unga huo hayavunjiki ng'o. Unga niliuzidisha, ufizi ukatoka mweupe kama uji. Basi, nilitaka nguvu, siyo urembo.

"Fundi, iko kitu imevunjika," akasema.

Bosi akanitazama. Nikaona kibarua kinaota nyasi.

Mama Zaina akayatoa meno, akaniwekea mezani. Nikayageuza, nikayabinya, nikayamulika kwa taa. Mazima! Hata ufa hakuna.

"Sasa kimevunjika nini, mama?"

Akaachama. Jino lake la asili, moja tu lililokuwa limebaki, limekatika nusu.

"Hii ya Mungu," akafoka, "mbona hukuweka unga?"