Cheti cha Lukia

Same Mjini,
Jumapili, 14 Agosti 1994.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana na hii baridi ya Agosti huko juu. Mimi sijambo, ila upepo wa Same umenipasua midomo na vumbi limekuwa kitoweo. Maji tunayaona mara mbili kwa wiki, nanyi huko mnanuniana kwa ajili ya zamu ya maji ya bwawa la ndiva! Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Nakuomba usimpe mtu akusomee, hasa shangazi Ernesta, maana kabla hajafika mwisho itakuwa imeshatangazwa kanisani. Hukukaa miaka miwili kwenye kisomo cha watu wazima bure. Vaa miwani, kaa chini, usome polepole.

Barua yako nilipewa na Sefu wa lori la tangawizi Jumatatu iliyopita, na nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Umeniambia kwamba ukoo wa Rodrick umeitisha kikao Jumamosi tarehe 27 kuzungumza habari za mdogo wangu Lukia, kwa kuwa ndoa yao ina miaka minne na hakuna mtoto. Umesema mama mkwe wake, Mama Beatha, ametamka mbele za watu kwamba bubu alikuja na mkosi wake. Eti hawamfukuzi, wanampumzisha kwako, ili Rodrick asaidiwe na mwanamke mwingine. Wanampumzisha! Huyo Lukia anayelima tangawizi kwenye mteremko ambao mbuzi wao wenyewe wanauogopa. Nilicheka kwa hasira, wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka kunitazama.

Ukaniomba kitu kimoja. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, nipande hospitali ile aliyopasuliwa mwaka 1986 alipomzaa marehemu mtoto wake, nitafute cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba Lukia hana kasoro yoyote ya uzazi, ili ukiweke mbele ya wazee siku ya kikao. Na mwishoni, kwa herufi ndogo kana kwamba hukutaka niione, ukaandika kwamba siku hizi unajiuliza kama kosa ni lako, kwa sababu ni wewe uliyempeleka kuchomwa zile sindano za kwinini zilizomwondolea masikio akiwa na miaka sita. Mama, pale nililia. Ulimpeleka kwa sababu alikuwa anakufa kwa homa. Naomba hilo ulitoe moyoni kabla hujaendelea kusoma.

Basi, nilipanda Jumatano. Nilipokelewa na Veneranda, yule niliyesoma naye uuguzi, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi. Hospitali imebadilika. Imepakwa rangi, dawa zipo, glovu zipo, lakini siku hizi lazima uchangie huduma kabla hujaguswa. Zamani zetu ilikuwa kinyume: hukudaiwa kitu na hukupata kitu. Utakuwa unakumbuka jinsi mgonjwa alivyokuja na wembe wake, pamba yake na uzi wake, utadhani anakwenda kwa fundi cherehani. Veneranda alipojua ninachotafuta, alinipa ufunguo wa stoo ya kumbukumbu na kunitaka nisome mwenyewe.

Faili la Lukia limeliwa na mchwa, lakini kitabu cha tiata, kinachoandikwa kila anayepasuliwa, kipo. Nilimkuta kwenye mwezi wa tatu. Jina lake, umri wake miaka ishirini na mmoja, kijiji chetu, na kwamba alipasuliwa kutolewa mtoto. Mbele yake, kwa mwandiko wa Daktari Humphrey aliyempasua, yameongezwa maneno matatu: na kufunga kizazi.

Mama, ndivyo ilivyo. Lukia si tasa, wala hana mkosi wa mtu. Si kwinini, si laana ya upande wa baba, na si kwamba mizizi unayomchemshia haijakolea. Mirija yake ilikatwa na kufungwa uzi siku ileile alipojifungua, akiwa amelala kwa dawa, na hakuna aliyemwambia. Miaka minne anahesabu siku zake kwa vifundo vya kamba, anakunywa kila kichungu anachopewa, na anamwomba Mungu kitu ambacho sisi watu tulishamnyang'anya. Kwa hiyo cheti ulichoniagiza hakipo, na sitatafuta mtu wa kukitengeneza.

Mstari wa chini yake, siku ileile, yupo mke wa mwalimu mkuu. Naye alipasuliwa kwa tatizo lilelile la nyonga nyembamba, na daktari yuleyule, kwa wasiwasi uleule kwamba uzazi mwingine ungekuwa wa hatari na damu hatuna. Lakini yeye aliulizwa kama anataka kufungwa, akakataa, akaachwa kama alivyotaka. Leo ana watoto wanne, na huyo wa mwisho unamwona kila Jumapili akiimba kwaya ya watoto. Nyonga zilikuwa zilezile, mama. Kilichotofautiana ni masikio. Sikatai kwamba hatari ilikuwepo, lakini hatari ya mtu huelezwa mwenye mwili, hata kama itabidi uandike ukutani kwa mkaa. Na Lukia anajua kusoma. Alikaa dawati moja na mimi mpaka darasa la nne, na mpaka leo hatupi gazeti la kufungia dagaa kabla hajalimaliza.

Sasa utauliza ni nani aliyeruhusu. Utakumbuka kwamba wewe hukutia dole gumba popote. Ni kweli, hukutia. Siku ile ulikuwa umetumwa kutafuta mafuta ya taa ya jiko la kuchemshia vyombo, na ulirudi tayari ameshaingizwa ndani. Aliyeruhusu ni mimi, Yudith, binti yako.

Nitakuambia ilivyokuwa, bila kujipamba. Pale hospitali tulikuwa na mtindo wetu. Mgonjwa akiwa kiziwi, au kipofu, au ana kifafa, fomu haikupelekwa kwake. Ilipelekwa kwa ndugu, na kila mtu aliona ndiyo busara. Daktari Humphrey aliniita kando, akaniambia kwamba mtu kama huyu hataweza kulea, na kwamba kwa kuwa tumbo litakuwa limeshafunguliwa, ni afadhali amalizie kabisa tusije tukaharibu uzi na dawa ya usingizi siku nyingine. Nilikubali kwa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Nilitia saini mahali pa ndugu. Fomu ilitaka pia muuguzi shahidi, na zamu ile muuguzi nilikuwa mimi, basi nikatia saini na mahali pa shahidi, kwa kalamu ileile. Lukia alikuwa macho, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, ananitazama. Aliniuliza kwa mkono karatasi ile ni ya nini. Nikakunja mikono na kuibembeleza hewa, kumwonyesha kwamba ni karatasi ya mtoto. Akatabasamu, katikati ya uchungu ule.

Siku ya tisa mtoto alifariki, nawe ulinikuta nimejifungia chooni, ukafikiri nalia msiba. Nililia nilichofanya. Miaka minane nimekaa nacho. Nimejiambia kwamba nilimhurumia Lukia, lakini wiki hii nimejihoji vizuri na nimeona haikuwa huruma kwake. Yule kijana wa mashamba ya mkonge alikuwa amemwachia mimba na kurudi kwao bila kuaga, baba alikuwa ameshafariki, na mimi nilijiona siku za mbele nikilea watoto wa Lukia mpaka nizeeke. Nilijihurumia mwenyewe. Ndiyo maana hata siku ya harusi yake nilikuwa nacheza huku natetemeka, ukanidhania nina malaria.

Kutoka hospitali sikuja kwako. Nilikwenda moja kwa moja kijijini Mamba kwa Lukia, na naomba usinikasirikie kwa hilo. Mwili ni wake, alistahili kuwa wa kwanza kujua. Nilimkuta anaosha tangawizi. Nilimweleza kwa mikono, na pale mikono iliposhindwa niliandika. Aliyasoma maneno yale mara mbili. Kisha akanizaba kofi, mama, kofi la mtu mwenye jembe mkononi mwaka mzima, na sikuinua mkono kujikinga. Alikaa chini na kutoa ile sauti yake ambayo majirani huiogopa, akalia mpaka maji ya tangawizi yakatulia kwenye beseni.

Alipomaliza alifuta uso, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza kama wako wengine. Ilinibidi niseme kweli, kwa sababu kitabu nilikuwa nimekipekua chote. Niliinua vidole vinne. Wanne, miaka ile mitatu niliyofanya kazi pale, na kwenye fomu zao shahidi nilikuwa mimi. Mmoja ni mama kipofu wa kijiji cha Bendera, wa pili ana kifafa, na wawili ni walemavu wa miguu. Lukia alichukua kalamu akaandika pembeni ya gazeti: Wanajua? Nilitikisa kichwa. Akakunja kile kipande cha gazeti na kukitia kwenye kanga yake, kwenye fundo.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa mganga mkuu wa wilaya, nikampa maelezo yangu kwa maandishi, kurasa nne, jina langu chini ya kila ukurasa. Ni mtu mpole. Alinishauri niyaache yaliyopita, kwamba Daktari Humphrey yuko Botswana siku nyingi, kwamba nyakati zilikuwa ngumu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelalamika. Nilimjibu kwamba hawajalalamika kwa sababu hawajaambiwa. Alinionya kwamba ninaweza kufutwa kwenye daftari la wauguzi, na mwenye zahanati ninakofanya kazi sasa naye ameshaanza kunisalimu kwa ncha ya ulimi. Wakinifuta, na wanifute. Nitalima tangawizi kama wenzangu. Nakala ya maelezo ninayo, na barua nyingine iko tayari kwenda kwa mganga mkuu wa mkoa, Moshi, na nyingine wizarani Dar es Salaam, mpaka nipate mtu wa kuisoma.

Rodrick aliambiwa na mke wake mwenyewe. Alikaa shambani tangu asubuhi hadi jua linazama, kisha jana wakaja wote wawili hapa kwangu. Aliniuliza jambo moja tu, kama kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Nilimwambia kwamba ziko hospitali kubwa ambako wanajaribu, lakini matumaini ni madogo na sitaki kumdanganya mtu tena katika maisha yangu. Alisema amesikia. Alisema pia kwamba tarehe 27 atakaa upande wa mke wake, na anayetaka kumtafutia mwanamke amtafutie kwanza masikio ya kusikilizia. Mama Beatha bado hajui, na nakuomba usimwambie kitu. Nitamwambia mimi pale kikaoni, mbele ya ukoo wote, nikiwa nimesimama, na Lukia atakuwa ameketi mahali ambapo kila mtu atamwona.

Wewe mama, kazi yako ni kumwaga ile mizizi. Usimwambie Lukia pole kwanza. Mpikie makande, umwache aongee atakapotaka. Na mimi, kama hutaki nilale kwako siku hiyo, nitaelewa, nitalala kwa Veneranda. Lakini kikaoni nitafika.

Kesho Rodrick anarudi shambani, nasi tunateremka Bendera, mimi na Lukia, kumtafuta yule mama kipofu. Nilitaka kwenda peke yangu. Lukia alikataa, amesema mimi nitaongea, na yeye atamshika mkono, kwa sababu mkono wangu hauaminiki. Hao wengine watatu tutawafuata baada ya kikao, mmoja mmoja, hata kama itachukua mwaka.

Msalimie kaka Aminieli na watoto, na mchungaji ukimwona, umwambie nitakuja kuzungumza naye mwenyewe. Mshike shangazi Ernesta asisogelee barua hii.

Katika ukurasa uliopita utaona mstari uliokatwa kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Usifikiri nilikosea. Nilikuwa nimekuandikia kwamba Lukia amenisamehe. Ameisoma barua yote sasa hivi, hapa mezani, na alipofika hapo akaninyang'anya kalamu akaufuta. Kisha akanirudishia kalamu, akanionyesha kwa kidole nimalizie, barua iwahi gari la Sefu.

Ni mimi binti yako,
Yudith