Nafasi ya Saksafoni

Korogwe, Jumanne, 14 Mei 2024. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo.

Ndugu Deogratius,

Dada yako Ritha anakusalimu. Anasema huko Handeni mahindi yamenyauka.

Leo, na miaka yangu sitini na miwili, nimerekodi jazi kwa piano ya parokia, peke yangu. Yordani, fundi wa kurekodi, alinisimamisha.

"Mama, mbona unanyamaza katikati? Umesahau?"

"Sijasahau. Hapo anaingia saksafoni."

"Saksafoni gani, mama? Humu tuko wawili."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Miaka thelathini tangu uoe Mwanza na bendi yetu ife, vidole vyangu bado vinakuachia nafasi.

Nilijaribu kuijaza mara tano, nikaharibu. Mara ya sita nikapiga mkono wa kushoto tu, polepole, mpaka mwisho wa zamu yako. Yordani akasema, "Hiyo hiyo, mama. Usiiguse tena."

Kwa hiyo ukija Desemba kama ulivyoandika, karibu chai. Saksafoni iache nyumbani.

Mwenzako wa bendi,
Agripina

Nimeongeza Jumatano asubuhi: usingizi haukunichukua hadi saa nane na robo usiku.