Nati Uliyokwenda Nayo Subukia

Baba,

Kampuni mama imekubali hadharani kwamba huenda ikakiuza kiwanda. Aliyesema ni msemaji wake, katika taarifa fupi iliyotufikia ofisini Alhamisi asubuhi: kampuni ya magari ya Nakuru imekuwa ikipata hasara, na wenyewe wanaangalia kila njia, kuuza kukiwa mojawapo. Nilimpigia simu nikamuuliza mnunuzi anataka nini, kiwanda kinachofanya kazi au kiwanja na majengo tu. Akasema hilo atalisema mnunuzi mwenyewe akija. Nikamuuliza mwanao Simiyu na wenzake wataitwa kazini lini. Akanishukuru kwa kupiga simu.

Hiyo ndiyo habari niliyochapisha. Hii nyingine sijaiandika popote. Nakuandikia wewe kwa sababu inakuhusu.

Uliondoka kabla hujajua, kwa hiyo nianze hapo. Kiwanda hakikufunguliwa Januari. Tulikuzika Jumamosi, na Jumatatu, siku ambayo ungerudi kazini, watu walikuta tangazo langoni: msubiri nyumbani mpaka mtakapoitwa. Mpaka leo wanasubiri. Simiyu anauza viazi vya Dundori kando ya barabara. Mwanao huyo bado anavaa ovaroli ya kampuni kila asubuhi. Mteja mmoja akamuuliza kama viazi vina garantii. Alicheka, akampimia viazi vyake.

Aliyebaki ndani ni Njoroge, mwenzako wa laini ya kuunganisha magari, na askari wa langoni, na meneja mmoja anayekuja na kuondoka. Njoroge anapaka mashine grisi zisishike kutu.

Nataka niiandike ile desturi yenu kama ninavyoielewa mimi. Nikikosea, najua hutanyamaza. Nyumbani hatukukomba sufuria ya ugali. Kiporo kilibaki hata kama hakuna aliyeshiba, kwa sababu nyumba iliyokomba sufuria imemfukuza mgeni kabla hajabisha. Wazee waliotoka Magharibi kuja kufanya kazi Nakuru wakaipeleka kanuni hiyo kiwandani. Kila mnapofunga kwa Krismasi, laini haiachwi tupu. Gari moja linabaki mwisho wa laini, limekamilika lote isipokuwa nati moja ya gurudumu. Mliliita kiporo. Na nati ile mkaguzi wa mwisho anakwenda nayo nyumbani. Miaka yangu yote ya utoto, mkaguzi wa mwisho alikuwa wewe. Nati ilikaa kando ya redio, ukiwa umeikata alama kwa tupa isichanganyike na nyingine, na sisi hatukuruhusiwa kuichezea. Siku ya kufungua unaitia mfukoni, unaikaza kwanza kabla ya salamu, unapiga mstari wa rangi ya manjano juu yake, halafu unapiga honi. Hapo ndipo mwaka ulipoanza. Mama alikuwa akisema anaisikia honi hiyo kutoka nyumbani, na ulikuwa ukimwambia anasikia tumbo lake.

Safari ya mwisho hukuirudisha. Nilikuwepo mochari Mama alipokuvalisha lile koti la kijivu la kazi. Aliitia nati katika mfuko wa kifuani, akasema, "Aende nayo. Asije akaulizwa." Aliyefunga kifungo cha mfuko ni mimi. Nilikifunga mara ya pili kwa sababu tundu lilikuwa limelegea. Kwa hiyo nikisema najua nati hiyo iko wapi, sisimulii nilichosikia.

Ijumaa Njoroge alinipigia. "Njoo," akasema. "Na usije na yule mtu wa kamera."

Nilifika adhuhuri. Jua lilikuwa kali, mabati ya ukumbi yanalia kama yanavyolia yakipata moto, na hakuna sauti nyingine. Vioo viwili vya juu vimevunjika tangu mvua, lakini hakuna hata njiwa mmoja aliyeingia. Kila kitu kina vumbi, lile jeupe linaloletwa na upepo kutoka ziwani: meza, minyororo, hata zile ovaroli zilizoachwa misumarini. Pikapu nyeupe iko mwisho wa laini pale mlipoiacha. Haina vumbi.

Njoroge hakuisogelea. Alisimama kwenye ule mstari wa sakafuni ambao wageni hawaruhusiwi kuuvuka, mtu aliyefanya kazi upande wa pili wa mstari huo maisha yake yote, akanionyesha kwa kidevu. Gurudumu la mbele kushoto. Nati zote zipo.

Nilichuchumaa. Ile iliyokuwa ikikosekana ina alama ya tupa, upande mmoja. Juu yake pana mstari wa manjano, na mkia wa mstari umepinda kulia, jinsi unavyopinda wa mtu anayetumia mkono wa kushoto kama wewe. Niliugusa. Rangi ilikuwa mbichi, ikabaki kidoleni. Katika kona za nati mlikuwa na udongo mwekundu. Nakuru mjini hatuna udongo wa rangi hiyo, Baba. Unajua ulipo.

Niliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa na joto. Lakini paa ni la mabati na ilikuwa saa sita, kwa hiyo hilo silihesabu.

Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nilimuuliza Njoroge kama ni yeye. Akasema kama angekuwa yeye, asingeniita; isitoshe, yeye ndiye amekuwa akidanganya ili nati hiyo isipatikane. Uongo wenyewe ni huu. Meneja ameagizwa laini iwe tupu mnunuzi atakapokuja. Sheria ya kiwanda inasema gari lenye nati pungufu haliteremki kwenye laini, na anayetia sahihi sasa ni Njoroge. Akawaambia nati za aina ile zimeisha stoo na lazima ziagizwe. Alilisema hilo akiwa amekaa juu ya kasha la nati. Anaamini, na wengi wanaamini naye, kwamba laini ikishakombwa haitajazwa tena. Mimi siongei habari za imani. Lakini nimeandika juu ya viwanda vya kutosha kujua kwamba ukumbi mtupu huonekana kama ghala, na ghala halihitaji watu wa laini.

Sasa nati imepatikana. Meneja alikuwa apite Jumatatu, na akiiona angeita dereva.

Nilikwenda kwenye kabati lako. Kopo la rangi ya manjano limo, na brashi imegandia ndani. Nililigeuza juu chini na halikutoa tone. Niliuliza askari nani ameingia. Akasema hakuna, ila kuna siku mbili tatu amesikia honi adhuhuri, mara moja tu, fupi. Akafikiri ni gari la barabarani. Nilifungua boneti. Betri iliondolewa tangu Desemba. Mimi sikusikia honi yoyote, na naandika nilichokiona.

Jumamosi nilikwenda Subukia. Mahindi yamefika kifuani, na ng'ombe yule mweusi amezaa. Kaburi lako halijaguswa. Nililizunguka kwa uangalifu kuliko ninavyotaka kukiri. Majani aliyopanda Mama yameshikana, hakuna palipofukuliwa, hakuna ufa. Niliokota punje ya udongo nikailinganisha na uliokuwa umebaki kwenye kucha yangu. Sikupata tofauti.

Mama alikuwa akichambua mboga. Nilimweleza yote bila kupamba. Hakushangaa. Aliniambia wenzako walijenga mabanda ya kuku kwa mbao za makasha ya kampuni, na wewe ulirudi kazini kwa miguu, mvua ikinyesha, kurudisha bisibisi uliyoisahau mfukoni. "Huyo kulala na kitu cha wenyewe hawezi," akasema. "Nilikosea kumpa." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Leo baada ya kanisa nilikwenda kiwandani tena pamoja na Simiyu. Njoroge alitungoja. Na hapo ndipo walipokosana, watu wawili wanaokupenda, wakiwa wamesimama nyuma ya ule mstari wa sakafuni.

Njoroge alisema ni habari njema. Mkaguzi akikaza nati, kazi imefunguliwa. Wewe hukuwahi kuikaza siku nyingine yoyote. "Mzee ameripoti," akasema. "Wengine mnangoja kuitwa, yeye ameshaingia."

Simiyu akamwambia anaota. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia gurudumu. "Dada, Mzee hajarudi kazini. Amerudisha mali ya kampuni. Mtu hurudisha mali akimaliza."

Wakanigeukia mimi, kama watu wanavyonigeukia kila mara wakidhani aliyeandika habari ndiye anayejua mwisho wake. Ningetaka kukuuliza wewe, na ndiyo sababu ya barua hii. Wewe ndiye uliyetufundisha kutokomba sufuria. Nyumba nzima ilikuwa ikikutazama sahani ya mwisho ikibaki na wewe unasema, "Acha. Bado kuna mtu." Kama ni wewe uliyeikaza, Baba, ulikuwa unafungua au unafunga? Na kama unafunga, mbona hukutungoja tuwe tumepata pa kwenda?

Njoroge alichukua spana. Kwanza alisita, kisha akavuka mstari. Aliikalia kwa uzito wake wote, nati haikusogea. Simiyu akajaribu, mishipa ya shingo ikamtoka, haikusogea. Njoroge akamtania kwamba viazi vimemlainisha, lakini hakuwa akicheka. Kisha akanipa mimi spana. Nilimwambia mimi ni mwandishi wa habari, sigusi kitu cha mahali ninapoandika. Akasema, "Leo wewe ni mtoto wa mkaguzi. Mwandishi amebaki langoni."

Nikaishika. Nati ilizunguka kwa urahisi, nusu ya kwanza, na iliyofuata, kama mtu anayeachilia mkono uliokuwa ukimsalimia. Haikutoa hata mlio. Nikaitia katika mfuko wa koti, wa kifuani, nikafunga kifungo. Gari limerudi kuwa kiporo. Njoroge atamwambia meneja kesho kwamba nati bado zinaagizwa, na mimi sitaandika kwamba anasema uongo.

Tulipofika langoni askari alitusimamisha. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Akamuuliza Njoroge nani amebaki ndani. Njoroge akamwambia hakuna. Askari akatuhesabu kwa macho, akafunga lango, akakihamisha kiti chake nje, upande wa barabara.

Sasa ni jioni, na naandika nikiwa mezani kwangu. Nati iko mbele yangu, kando ya redio, maana sikujua mahali pengine pa kuiweka. Nimeipangusa udongo. Rangi sijaweza. Imepita Ijumaa, imepita Jumamosi, na bado ni mbichi. Kila nikiigusa inabaki kidoleni. Nimeacha kuigusa.

Lala, Baba, kama umelala. Kama hujalala, sikiliza ahadi yangu, nami sijazoea kuahidi. Nitaibeba mwenyewe. Mnunuzi akisema laini itafanya kazi, Njoroge ataikaza mbele ya watu wote, na Simiyu ndiye atakayepiga honi. Akisema anataka kiwanja, sitawaachia nati yako waiuze pamoja na mabati. Nitairudisha Subukia, na safari hii Mama hatakuwa na sababu ya kujilaumu, kwa sababu haitakuwa tena mali ya mtu yeyote ila yako. Nakuomba kitu kimoja tu: mpaka siku hiyo, usije kuitafuta hapa.

Mnunuzi anakuja Jumanne, saa nne asubuhi. Wafanyakazi wote wamekubaliana kusimama langoni, wakiwa na ovaroli. Nitakuwa nao, mfuko umefungwa kifungo.

Mwanao,
Nekesa