Jina Jipya la Duara

Geita, Jumanne, Machi 1984

Ufa wa ukutani umefikia upana wa kiganja, kaniambia leo Baba Kulwa, msimamizi wa duara, shimo la dhahabu lililomfukia mchimbaji mwezi uliopita. Nikamuuliza magogo ya kutegemeza ukuta yako wapi.

"Yatakuja. Kwanza tumebadili jina."

Ndiyo kawaida yao. Duara likiua hupewa jina jipya, anachinjwa mbuzi mweusi, kazi inaendelea. Safari hii jina kalitoa Mathias, mchimbaji aliyeacha seminari: Pluto, mungu wa Warumi, mwenye mali yote iliyo chini ya ardhi.

Kilatini nami nilikisoma kwa mapadri. Nikamvuta Mathias pembeni.

"Umewaambia Wagiriki walimwita nani?"

"Hadesi, mfalme wa wafu." Akacheka kidogo. "Sasa mwandishi, nikiwaambia hivyo nani atashuka?"

Wagiriki nao waliogopa kulitaja jina hilo, wakamwita Tajiri, na Pluto maana yake ndiyo hiyo. Nao walimchinjia mnyama mweusi. Simwamini mungu huyo. Ninachokiogopa ni ule ufa, na udongo uliokuwa ukidondoka tukiwa tumesimama pale.

Nikaona nimweleze Baba Kulwa yote, labda hofu ingefanya kazi ambayo ufa umeshindwa kuifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mathias kwa hasira, akawaita watu wake. Nilidhani anaahirisha kazi.

"Asante, mwandishi. Umetuokoa," alisema aliporudi. "Sasa linaitwa Neema."

Magogo hayajaagizwa. Mbuzi wa pili atachinjwa kesho alfajiri, na saa moja wanashuka. Mathias amepangwa kushuka wa kwanza, kwa sababu ya lile jina la Pluto.